Ndugu katika kikosi cha ujenzi: kwa nini awe wa mwisho kulipwa?

Fundi wa Pasua (Moshi)
Habari zenu, mafundi wenzangu. Ninaongoza kikosi kidogo hapa Moshi, na kazi zetu nyingi ni za mapatano: mwenye nyumba hutoa fedha kwa hatua, kuanzia msingi na jamvi, kisha kuta hadi lenta, mwisho kupaua. Akichelewa, jambo ambalo ni la kawaida hasa Januari ada za shule zinapodaiwa, mimi huwalipa kwanza vibarua wa nje, kwa kuwa wasipolipwa jioni kesho hawarudi, na ndugu zangu husubiri. Mtoto wa kaka yangu, anayechanganya zege na kupandisha tofali, amesubiri hivyo tangu tukiwa kwenye msingi. Analala na kula kwangu, na mwiko anaojifunzia ni wangu. Sasa kaka amepiga simu kutoka Rombo akidai kwamba ninamtumikisha mwanawe. Ninyi wenye ndugu kazini mnafanyaje?

Mjenzi wa Njiro
Chakula na malazi anavipata kwa kuwa ni mwanao. Ujira anaudai kwa kuwa ni saidia fundi, na hayo mawili hayakatani. Mimi nina daftari moja la wote, ambalo kila Jumamosi husomwa mbele ya kikosi kizima, pamoja na madeni. Fedha ikija pungufu, kila mmoja hupata sehemu ya anachodai kwa kiwango kilekile, awe mdogo wangu au mtu niliyemwokota stendi.

Mzee wa Machame
Mwanangu wa Njiro amesema vizuri, ila si mambo yote yanaingia daftarini. Vikosi vingi vya huku vimesimama kwa sababu ndugu walikubali kusubiri. Hakuna benki ambayo ingetukopesha. Mimi nilimsubiri mjomba wangu, naye akanipa timazi, pima maji, na baadaye mteja wangu wa kwanza. Swali la kumjibu kaka yako ni hili: kijana ataondoka kwako na nini? Wapo wanaochanganya zege kwa baba mdogo mpaka wanaota ndevu bila kushika kona ya ukuta. Mpe kona, kisha mpeleke VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji wa ujuzi, ambako waliojifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti. Tena uende Rombo mwenyewe kabla ya Desemba, kwa maana ukoo wote ukisharudi nyumbani, neno hilo litazungumzwa penye mbege, pombe yetu ya ndizi, na huko hutakuwa na mtetezi.

Dada wa fundi, Sakina
Shikamoo, mzee. Naongeza jambo ambalo kina kaka hamkuligusa. Kaka yangu alianguka kutoka kwenye jukwaa la mirunda katika jengo moja hapa Arusha. Aliyemwingiza kazini ni binamu yetu, na kwa kuwa ni ndugu, hakuandikwa popote. Mkandarasi alipoulizwa alileta orodha ya wafanyakazi, na jina la kaka halikuwamo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, bila mfanyakazi kukatwa chochote, lakini tungethibitishaje kwamba alikuwa kazini? Ukoo ulichanga fedha za matibabu, na binamu ndiye aliyechanga zaidi ya wote. Upendo haukupungua hata kidogo. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi. Kwa hiyo, kaka wa Pasua, hata kama utaendelea kumlipa kijana wa mwisho, jina lake liwe la kwanza kuandikwa.

Fundi wa Pasua (Moshi)
Asante, mzee, na wewe dada, pole sana. Nitapanda Rombo na daftari. Ndugu wa Njiro, kibarua wa siku moja akikataa kupokea sehemu, unamfanyaje?

Mjenzi wa Njiro
Wa siku moja simwingizi kwenye mgawanyo. Fedha yake naitenga kabla hajashika koleo, na nisipokuwa nayo simwiti; siku hiyo tunabeba zege wenyewe, nami nikiwemo.