Babu aliyejenga bwawa si chanzo?

MwalimuJinja:
Ndugu zangu, naombeni ushauri. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Jinja, na wanafunzi wangu wanapanua makala za Wikipedia ya Kiswahili kuhusu mji wetu. Kundi moja limechukua bwawa la Nalubaale, ambalo wazee bado huliita Owen Falls. Binti mmoja ameandika aya iliyonigusa sana. Babu yake, mzee wa miaka tisini na ushee, alikuwa kibarua pale, na amemsimulia kazi ya saruji usiku na jinsi maporomoko ya Ripon yalivyozama maji yalipopanda. Aya yote imeondolewa kwa kukosa chanzo. Sentensi ya mwenzake, kwamba Malkia Elizabeth II alizindua bwawa mwaka 1954, imebaki kwa sababu ina tanbihi ya tovuti ya watalii! Mzee aliyeshika koleo anashindwaje na tovuti ya watalii? Nimweleze nini binti huyu?

Mhariri_Kla:
Mwalimu, mpe pole. Hakuna aliyesema babu ni mwongo. Shida ni kwamba msomaji wa Mombasa au Bukavu hana njia ya kuhakikisha babu alisema nini. Wikipedia haipokei habari ambayo haijachapishwa popote, hata ikitoka kwa profesa.

Ila hiyo tovuti pia naitilia shaka. Nyingi za aina hiyo hunakili Wikipedia ya Kiingereza, halafu sisi tunazitumia kuithibitisha Wikipedia. Uzinduzi ulikuwa tarehe 29 Aprili 1954, kwa hiyo tafuteni kitabu au gazeti la wakati ule. Mkifika Kampala, ingieni maktaba ya Uganda Society pale Makumbusho. Jarida lao, Uganda Journal, lilianza mwaka 1934.

DadaMbale:
Naongeza, mwalimu. Kwenye bwawa hilo wataona chanzo kimoja kinasema megawati 150, kingine 180. Wasichague namba inayopendeza. Ya kwanza ni ya mitambo ilivyokuwa awali, ya pili ni baada ya ukarabati. Waangalie chanzo ni cha mwaka gani.

Na kunakili! Wangu huwa nawaambia wasome, wafunike gazeti, ndipo waandike. Anayeandika huku gazeti liko wazi atageuza "kubwa" kuwa "kuu" na kudhani kazi imekwisha, kumbe sentensi bado ni ya mwandishi wa gazeti. Wakitafsiri makala ya Kiingereza, inaruhusiwa, lakini waitaje kwenye muhtasari wa hariri, yaani maelezo mafupi ya kuhifadhi badiliko, leseni ya Wikipedia inadai hivyo. Tanbihi wasizibebe tu bila kuzifungua.

MwalimuJinja:
Asante, dada. Tovuti tutaiondoa. Lakini babu simwachi. Akihojiwa na gazeti?

Mhariri_Kla:
Hapo sawa. Mahojiano yakichapishwa, binti ataandika "kwa mujibu wa fulani, aliyekuwa kibarua wa ujenzi", na hiyo itasimama kama kumbukumbu yake. Idadi ya vibarua au gharama za ujenzi zitafutiwe chanzo kingine. Ila mwambie asiandike yeye mwenyewe kwenye blogu kisha ajinukuu.

MwalimuJinja:
Na gazeti la Kiganda kama Bukedde linakubalika?

Mhariri_Kla:
Linakubalika kabisa, hata kama toleo lenyewe haliko mtandaoni. Aandike jina la gazeti, mwandishi, kichwa cha habari, tarehe na ukurasa.