Bia ipi kwa kibanda kipya cha mpira Jinja: Bell, Nile Special au Eagle?

Mpenda_Mpira_Jinja
Wanajukwaa, salaam. Mwezi ujao ninafungua kibanda cha kutazamia mpira hapa Jinja, nami nina friji moja tu. Ninataka bia moja ipewe nafasi kubwa kati ya Bell, Nile Special na Eagle. Ninafikiria pia kuuza zile sigara nene za Kuba usiku wa Ligi ya Mabingwa, na kuacha wimbo wa mashindano usikike kutoka kwenye televisheni badala ya muziki wa didijei. Naomba ushauri wenye sababu.

Baba Zainabu
Ndugu yangu, hujatueleza kibanda kiko mtaa gani, wateja wako ni akina nani, wala kama una jenereta. Main Street na Walukuba hazinywi kwa mfuko mmoja. Tupe hayo kwanza.

Mzee wa Njeru
Mimi ninasimama na Nile Special. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1951, kiwanda kiko hapa Njeru, ng'ambo tu ya mto, na kwa kilevi chake cha asilimia 5.6 mteja huridhika mapema bila kulalamika kwamba amekunywa maji. Umbali mfupi kutoka kiwandani nao ni faida kwa mwenye duka dogo.

Dada wa Luzira
Mzee wangu, shikamoo, lakini kuridhika mapema ndiko kunakoharibu biashara. Ulaya ikiwa katika majira ya baridi, mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa tano usiku kwa saa zetu, na aliyeanza na bia kali saa mbili atakuwa amelala mezani kabla ya kipindi cha pili. Bell ni nyepesi, na ina historia pia: inatengenezwa Port Bell, bandari iliyopewa jina la Hesketh Bell, aliyetawala Uganda kwa niaba ya Waingereza, na kampuni yake ni ya mwaka 1946.

Mteso wa Soroti
Mbona Eagle inarukwa? Hutengenezwa kwa mtama wa epuripur unaolimwa na wakulima wetu, na kwa kuwa serikali huitoza ushuru mdogo bia ya mazao ya nyumbani, bei yake humfikia hata mbeba mizigo.

Mzee wa Njeru
Eagle inatoka kiwanda hichohicho cha Njeru, kwa hiyo sina chuki nayo. Hata hivyo, bia halisi ni ya shayiri. Wajerumani wa Bavaria waliiwekea sheria mwaka 1516: maji, shayiri na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, basi.

Mteso wa Soroti
Mzee wangu, sheria hiyo haikuitaja hata hamira, ingawa bila hamira hakuna bia. Laga ya rangi ya dhahabu unayoitetea ilianza katika mji wa Plzeň, Ucheki ya leo, mwaka 1842, mikononi mwa mpika bia Josef Groll. Sisi tuna ajono ya wimbi: unga uliochachuka hukaangwa, hukaushwa, huchachushwa tena mtungini, kisha wazee huuzunguka mtungi na mirija mirefu, huku maji ya moto yakiongezwa kila kinywaji kinapopungua. Hiyo nayo ni bia, na haihitaji friji.

Karani wa Arua
Naomba turudi kwenye sigara, kwa maana hapo ndipo pesa itapotea. Niliwahi kutunza hesabu za baa moja Kampala, ambayo sitaitaja, na mwenye baa alinunua masanduku ya sigara za Kuba akayaweka ndani ya friji, kando ya soda. Sigara hizo hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na friji huukausha unyevu wote wa jani. Tulipofungua sanduku, jani la nje lilipasuka kuanzia kichwani hadi mkiani na kumwagikia kaunta. Chache zilizosalia ziliwashwa ndani ya ukumbi, wateja wenye watoto wakaondoka, na siku chache baadaye wakaguzi walifika. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuvuta ndani ya sehemu za umma na hata umbali wa mita 50 kutoka hapo. Hasara ile haikulipika.

Mwalimu wa Kwaya
Wimbo usiuzime, ndugu. Tony Britten aliutunga mwaka 1992 kutokana na muziki wa mtunzi Handel wa kumtawaza Mfalme George wa Pili wa Uingereza mwaka 1727, na ndiyo maana kwaya ile inapopanda watu husimama kama wako kanisani. Didijei asubiri mapumziko.

Mpenda_Mpira_Jinja
Ahsanteni nyote. Kibanda kiko Masese, karibu na ziwa. Kina kuta na paa, hakina jenereta. Sigara nimeziacha. Wateja ninaowatarajia ni wavuvi.

Baba Zainabu
Basi jenereta itangulie bia yoyote.

Mzee wa Njeru
Mvuvi aliyepigwa na baridi ya ziwa hataki bia nyepesi. Nile Special.

Dada wa Luzira
Wavuvi wa samaki gani? Wale wa mukene, yaani dagaa, huvua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo saa tano watakuwa majini. Hao utawapata Jumamosi jioni kwenye ligi ya Uingereza, wakiwa na safari ya ziwani mbele yao. Je, umewauliza wanakunywa saa ngapi?