Hovabodi ya inchi 6.5, 8 au 10: ipi inafaa njia zetu za moramu Arusha?

Mama T wa Moshono

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kwa mnaozijua hizi hovabodi, zile skuta za umeme za tairi mbili unasimama juu inajibalansi yenyewe. Binti yangu anamaliza la saba mwaka huu na nilimwahidi zawadi, ana kilo 38 hivi. Nimezunguka maduka ya mjini nimekuta saizi tatu, inchi 6.5, 8 na 10, na kila muuzaji anasifia aliyonayo stoo, mmoja ananiambia tofauti ni muonekano tu, mwingine anasema ndogo ya watoto kubwa ya watu wazima basi. Sasa sisi ndani ya geti tuna pavingi lakini padogo, ukitoka nje ni moramu na mawe, masika ikipiga maji yanachimba mifereji katikati ya njia. Nataka awe anafika nayo kwa bibi yake mtaa wa pili, barabara kubwa hagusi. Nichukue ipi?

fundi_betri_Sakina

Dada huyo wa muonekano tu usimsikilize, tairi ndio kitu cha kwanza kuangalia kabla hata ya mataa na spika. Ya 6.5 tairi lake ni kama sentimita 16 na nusu kutoka juu mpaka chini na nyingi ni mpira mtupu hauna upepo, tumbo la bodi nalo liko karibu kabisa na ardhi. Kwenye tailizi na pavingi inaenda raha sana. Sasa ipeleke kwenye moramu, jiwe la saizi ya yai likae mbele ya tairi moja, tairi hilo linagoma, la upande wa pili linaendelea kusukuma maana kila tairi lina mota yake, bodi inageuka ghafla na mtoto anaenda mbele na mwendo aliokuwa nao. Hapo ndipo mikono inavunjika, na wala sio mwendo kasi, hizi nyingi zinaishia kilomita 10 mpaka 12 kwa saa.

Ya 10 ni sentimita 25, jiwe lile lile inalipanda, na nyingi zina tairi za upepo kwahiyo mtikisiko unapungua kabla haujafika magotini. Kwa njia ulizotaja mimi nasema 10.

Kijana wa Njiro

Nakubaliana na fundi kwenye mawe ila 10 kwa mtoto wa kilo 38 mnamuonea, baadhi zinafika kilo 13 au 14, betri ikikata njiani atabebaje huyo binti? Halafu ina pancha, na ile tairi imejengewa mota ndani yake, sio kila fundi baiskeli atakubali kuigusa.

MzeeKaloleni

8 je? Si ndio katikati hapo

fundi_betri_Sakina

Mzee wangu shikamoo. 8 nyingi ni mpira mtupu kama 6.5 tu, umeongeza kimo kidogo lakini mawe utayasikia yote. Ya kuangalia pale katikati ni 8.5 zile za rafu, tairi pana lina meno na bodi imeinuliwa. Na kwa hoja ya Kijana wa Njiro kuhusu kubeba, ni kweli, hapo nashuka, kwa binti wa kilo 38 hiyo 8.5 ya rafu ndio ningenunua mimi, 10 iwe ya kaka mtu mwenye kilo 60.

Mama T wa Moshono

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Kwahiyo uzito wake hauna shida? Na kale kamlima ka kwenda kwa bibi?

Kijana wa Njiro

Uzito uko sawa mama, chini ya ile mikeka ya kukanyagia kuna sensa zinataka mtu mwenye uzito wa kutosha, vitabu vingi vya maelekezo vinaanzia kilo 20. Mlima mkali ashuke avute, kwasababu ikizidiwa nguvu au betri ikiwa chini inapiga mlio na kukuinua vidole kukurudisha nyuma, akilazimisha inajizima akiwa juu. Njia ikiwa na maji asitoke nayo kabisa. Helmeti na vya viganjani vya kukinga mikono anunuliwe siku hiyo hiyo.

fundi_betri_Sakina

Na betri dada, hili naomba ulichukulie kwa uzito kuliko tairi. Mwaka 2016 Marekani walirudisha hovabodi zaidi ya laki tano kwa mkupuo mmoja sababu betri za lithiamu zilikuwa zinashika moto, na mwaka huo huo ndio kikatoka kiwango cha usalama kinaitwa UL 2272. Geuza bodi tumbo juu dukani utafute hiyo alama, kwenye boksi peke yake haitoshi. Chaja iwe ile ile iliyokuja nayo, nyingi zinaandikwa volti 42 kwa betri ya 36, na asichaji usiku mmelala. Ukifika dukani piga picha ya lebo weka hapa tuisome kabla hujalipa.