Muuaji anasema Mungu kashamsamehe. Aliyefiwa na mtoto abaki na nini?

Mleta mada:
Wakuu, jana nimerudia filamu ya Korea Kusini, Secret Sunshine ya Lee Chang-dong (2007). Ndiyo iliyompa Jeon Do-yeon tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule Cannes. Ambao hamjaiona mnisamehe, nawamwagia mchuzi: Shin-ae, mjane, anahamia Miryang, alikozaliwa marehemu mumewe. Mwanawe wa pekee anatekwa na kuuawa na mwalimu wake. Mama anaokoka, anapata nafuu, mpaka anafunga safari ya gerezani kumsamehe muuaji. Kachukua na maua. Kufika, jamaa katulia tuli: naye kaokoka humo ndani, Mungu kashamsamehe, moyo wake una amani. Mama anatoka nje anazimia.

Mimi nasema yule bwana kamwibia mara ya pili. Kwanza mtoto, kisha msamaha ambao ulikuwa wa mama kuutoa.

Mzee wa Kanisa:
Bwana asifiwe. Kijana, umeteleza. Daudi alimchukua mke wa Uria, akamuua na Uria mwenyewe, halafu Zaburi 51 anasema "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Kama Mungu angengoja ruhusa ya waliokosewa, yule mhalifu msalabani angeingiaje peponi? Aliowadhuru hakuna aliyewauliza.

Binti Pwani:
Shikamoo mzee. Kwetu Waislamu haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzio, ina mlango wake peke yake. Toba ya kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia haitoshi. Kama ulimdhulumu mtu, umrudishie chake au umwombe radhi. Na hata kwenu Zakayo hakuishia kulia, alisema atarudisha mara nne.

Msela wa Sinema:
Tutoke kwenye filamu. Lee Jae-rock, mchungaji wa kanisa la Manmin, Seoul, Novemba 2018 alihukumiwa miaka 15 kwa kubaka waumini wake wanane. Waliona kumkatalia yeye ni kumkatalia Mungu. Na huyu si wa mbali: mwaka 2001 alihubiri mkutano mkubwa Nairobi. Sasa mtu wa hivyo akisema "nimetubu, yamekwisha", wale wanawake wakiendelea kuumia wataitwa wenye mioyo migumu. Ndipo maneno matamu yanapogeuka rungu.

Mzee wa Kanisa:
Lakini huyo alifungwa. Sijasema toba inafuta jela. Mtu asamehewe mbinguni, huku chini atumikie kifungo chake.

Mleta mada:
Mzee, hata wa kwenye filamu alikuwa jela, tena ni jela ndimo alimopatia huo utulivu! Kifungo hakikumsaidia mama. Angemwona hata anatetemeka, nadhani angemsamehe palepale.

Msela wa Sinema:
Hapo sina hakika. Angalia mwisho wa filamu: saluni, anayemkata nywele ni binti wa muuaji. Anatoka na kichwa nusu, anamalizia mwenyewe uani kwa mkasi, fundi magari mmoja anayempenda kamshikia kioo. Hakuna aliyesamehe wala aliyeomba. Mzee, ungekuwa mchungaji wake ungemwambia nini siku ile?

Mzee wa Kanisa:
Ningepokea kioo, fundi apumzike mkono. Ila Zaburi 51 siifuti.