Naomba ushauri: ubao wa tanga wenye foili kwa upepo hafifu, Mwanza

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni.

Nipo Luchelele, na ubao wa tanga wa kawaida, wenye pezi chini kama la samaki, nautumia mwaka wa tatu sasa. Tatizo ni upepo. Asubuhi ziwa limelala kama uji uliopoa, alasiri unaamka kidogo, noti (maili za baharini kwa saa) 8 au 10 hivi. Mitumbwi ya matanga inanipita, mimi nimesimama kama mlingoti wa bendera!

Foili, yaani mguu wenye mabawa unaofungwa chini ya ubao, niliiona Olimpiki ya Paris 2024: ubao unanyanyuka, majini unabaki mguu na mabawa yake tu, msuguano unapungua, upepo mdogo unatosha. Tangu siku hiyo silali.

Hofu yangu ni chini ya maji. Mguu ule wa mashindano una sentimita 95, na mawe ya Mwanza si Bismarck pekee, mengine yamejificha. Kuna magugu maji, kuna nyavu. Bawa likinasa kwenye wavu wa mtu, utarushwa mbele, kisha mwenye wavu naye ana lake la kusema. Aliyewahi kupanda foili ziwani anaanzia wapi? Mnapakia kwenye mtumbwi hadi kwenye kina?

Halafu fundi mmoja anataka kunifungia foili kwenye ubao wangu wa zamani. Naona kisanduku cha pezi, lile tundu la ubao linaloshika pezi, kitapasuka, maana nguvu ya foili si ya pezi.

Nina kilo 82, tanga la mita za mraba 7. Bawa kubwa la mbele na mguu mfupi vitanifaa kujifunzia?