Seva mbili za mafaili: zitalinganaje, na watumiaji watahamaje moja ikizima?

Muulizaji: Wakuu, habari za kazi. Ofisini tuna seva mbili za Linux zinazogawa mafaili kwa NFS (njia ya kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao). Watumiaji wote hutegemea ya kwanza, na kila baada ya robo saa programu ya kunakili, rsync, hupeleka mabadiliko kwenye ya pili. Umeme ukikatika na seva ya kwanza ikagoma kuwaka, kompyuta zote huganda hadi nizielekeze upya moja moja, na kazi iliyofanywa tangu unakili wa mwisho huwa imepotea. Je, nikiendesha rsync pande zote mbili, itasaidia?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hilo achana nalo kabisa. Rsync haikumbuki hali iliyopita, kwa hiyo ikikuta faili liko huku na kule halipo, haiwezi kujua kama limeundwa huku au limefutwa kule. Ukiiruhusu kufuta itafuta hata mapya, na ukiikataza, kila kilichofutwa kitafufuka. Programu ya Unison huweka kumbukumbu hiyo, ila nayo husubiri zamu yake ya kuendeshwa, hailinganishi papo hapo.

Kinachokufaa ni DRBD, iliyomo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010, ambayo hunakili diski yenyewe kupitia mtandao. Ukichagua protokali C, programu haiambiwi kwamba data imehifadhiwa mpaka iwe imeandikwa kwenye diski za seva zote mbili. Juu yake weka programu za Pacemaker na Corosync, ambazo hufuatilia seva ipi iko hai na kuihamishia anwani ya IP ambayo ndiyo pekee inayojulikana na kompyuta za watumiaji. Kompyuta hizo ziunganishwe na NFS kwa chaguo la hard, linalosubiri seva hadi irudi: la soft likichoka kusubiri huirudishia programu kosa katikati ya kuandika, na faili linaweza kuharibika.

Mchangiaji wa pili: Naongezea jambo ambalo wengi hulisahau. Katika /etc/exports, faili linaloorodhesha folda zinazogawiwa, fsid (namba ya utambulisho wa folda hiyo) iwe ileile kwenye seva zote mbili, la sivyo anwani itahama vizuri lakini mafaili yaliyokuwa wazi hayatatambulika tena. Yaliyomo ndani ya /var/lib/nfs, ambamo NFS huweka kumbukumbu za kompyuta zilizounganishwa, nayo yahamie kwenye diski inayonakiliwa. Watu wakiendelea kuganda kidogo baada ya kuhama, usiguse kitu: kwa kawaida NFSv4 (toleo la nne la NFS) hutoa muhula wa sekunde 90 ili kompyuta zidai upya kufuli zao za mafaili.

Muulizaji: Nashukuru sana. Na waya kati ya seva ukikatika, ilhali zote mbili ziko hai?

Mchangiaji wa kwanza: Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kila moja itadhani mwenzake amekufa, zote zitatwaa anwani, na data zitaachana njia. Seva inayotaka kushika usukani lazima kwanza imzime mwenzake kwa nguvu, kwa IPMI (njia ya kuidhibiti seva kwa mbali hata ikiwa imeganda) au kwa kumkatia umeme, na iwepo mashine ya tatu, hata ndogo, ya kupiga kura tu kuhusu nani ashike usukani. Kama huna vifaa hivyo, hamisha kwa mkono. Rsync yako usiitupe. Ielekeze usiku kwenye diski ya pembeni, kwani mtu akifuta folda kimakosa, DRBD itaifuta kote papo hapo.