Dodge Dart ya 1970, Malindi: taa zafifia, amita yayumba, harufu ya plastiki nyuma ya dashibodi

dart_ya_pwani

Assalam alaikum wataalamu. Naomba ushauri kabla sijafungua kitu.

Gari ni Dodge Dart Swinger ya 1970, injini ya inchi za ujazo 340. Waya za dashibodi ni zilezile za kiwandani, isipokuwa redio. Linalala Malindi kwenye banda la makuti, mita kama 300 kutoka baharini.

Dalili ni tatu. Injini ikiwa inaunguruma polepole na taa kubwa zimewaka, taa zinafifia na sindano ya amita (geji ya umeme unaoingia na kutoka betri) inaegemea upande wa kutoa. Nikiwasha na feni ya ndani, baada ya dakika kumi nasikia harufu ya plastiki iliyopata moto karibu na miguu ya dereva. Halafu geji ya mafuta na ya joto hupanda pamoja hadi mwisho, ingawa tangi liko nusu na maji hayajachemka.

Betri ni mpya na altaneta imepimwa ni nzima. Nimeambiwa ning'oe waya zote niagize seti mpya Marekani. Kuna haja kweli, au kuna pa kuanzia?

fundi_waya_shella

Waalaikum salaam ndugu. Usiagize kitu bado. Na usiwashe taa na feni kwa pamoja isipokuwa kwa zile dakika chache za kupima, hiyo harufu si ya kuchezewa.

Kwanza ujue umeme unavyotembea kwenye Dodge za miaka hiyo. Waya mwekundu unatoka betri, unapita waya-fyuzi (kipande cha waya mwembamba kinachoyeyuka umeme ukizidi), unaingia kwenye plagi kubwa iliyopo kwenye ukuta kati ya injini na dereva, unafika amita. Waya mweusi unatoka altaneta, unapita plagi hiyohiyo, unafika upande wa pili wa amita. Njiani, ndani ya fungu la waya, huo mweusi una kiungo kilicholehemiwa kiwandani, na hapo ndipo swichi ya ufunguo, swichi ya taa na kisanduku cha fyuzi hupata umeme. Kwa hiyo mzigo wote wa gari unapita kwenye vijiulimi viwili vya shaba, kila kimoja upana wa milimita 6 hivi. Miaka hamsini na zaidi ya chumvi imekaa humo.

Kupima kuko hivi. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Fungua kebo ya spidomita kwa nyuma, vuta dashibodi ya geji mbele kidogo bila kuchomoa waya, funika chuma chote kilicho karibu kwa kitambaa kikavu. Skrubu mbili za amita zina umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na kinachozilinda ni ule waya-fyuzi peke yake. Ukishahakikisha hazigusi bodi, rudisha hasi.

Kipimo cha kwanza, injini imezimwa: washa taa kubwa na feni. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye chanya ya betri, ya pili kwenye skrubu ya waya mwekundu wa amita. Hapo unasoma volti zinazopotea njiani. Waya mzima hupoteza 0.2 hadi 0.3. Ukiona zaidi ya 0.5, pana kiungo kibovu.

Kipimo cha pili, injini kwenye mizunguko 1500, taa na feni vimewaka: ncha moja kwenye boliti ya altaneta, ya pili kwenye skrubu ya waya mweusi. Vipimo hivi usivichanganye. Injini ikizimwa mzigo hula kutoka betri kupitia mwekundu, ikinguruma hula kutoka altaneta kupitia mweusi. Anayepima upande mmoja tu husema waya ni nzima na huku nusu ya ugonjwa hajaigusa.

Kila kipimo kisizidi dakika mbili. Halafu pima plagi peke yake: chomeka sindano nyuma ya ulimi upande wa injini na upande wa dereva kwa waya uleule. Lete namba.

saba_sufuri_tano

Hizo geji mbili ni ugonjwa mwingine kabisa, usiuchanganye na wa taa.

Geji ya mafuta na ya joto hazitumii volti 12. Zinalishwa na limita, kidude chenye ulimi wa metali mbili kinachofungua na kufunga umeme mara kwa mara, wastani wake ukawa kama volti 5. Kwenye dashibodi nyingine kimechomekwa nyuma, kwenye nyingine kimo ndani ya geji ya mafuta yenyewe. Geji moja ikidanganya, tafuta senda yake (kipimo kilichoko tangini au kwenye injini) au waya wake. Zikidanganya zote pamoja, limita. Na limita huharibika zaidi kwa kukosa athi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi: isipopata athi haiwezi kukata, volti 12 zinaingia moja kwa moja, na geji zinaungua. Hizo zako ukiendelea kuendesha hivyo zitaungua.

Safisha kwanza mguso wa athi kati ya dashibodi ya geji na bodi, kisha ongeza waya wa athi wa milimita mraba 1.5 kutoka kwenye fremu ya geji hadi boliti safi ya bodi. Hauna gharama.

Ikiwa limita yenyewe imekufa, IC ya 7805, chipu inayoshusha volti kuwa 5, inafanya kazi hiyohiyo bila kuyumba. Inabeba ampea 1, nazo geji mbili hazifiki hata nusu ya hapo. Ifunge kwenye kipande cha alumini cha sentimita 4 kwa 4, kwa sababu volti 14 zikishuka kuwa 5 tofauti yote inageuka joto. Weka kapasita ya 0.33 mikrofaradi upande wa kuingia na 0.1 upande wa kutoka, karibu kabisa na miguu ya IC. Kama limita yako imo ndani ya geji, lazima uikate njia yake kwanza, vinginevyo zitagombana.

Kupima geji bila kubahatisha: chomoa waya wa senda kwenye tangi, unganisha rezista hadi athi. Ohmu 73 sindano ikae tupu, 23 ikae nusu, 10 ijae. Zikikubali zote tatu, geji ni nzima na ubovu uko tangini. Wengi hugusisha waya huo moja kwa moja kwenye bodi waone kama sindano inapanda. Inapanda kweli, lakini ukizidisha sekunde unaiua.

mkia_wa_jahazi

Naongeza la waya wenyewe, maana Malindi si Nairobi. Ukichuna waya wa zamani ukakuta shaba nyeusi badala ya nyekundu, risasi ya kulehemia haitashika, na kiungo ulichobana kitapata moto. Rudi nyuma kidogo kidogo mpaka uone shaba inayong'aa. Ukikata sentimita 10 na bado ni nyeusi, waya huo badilisha mzima. Chumvi hupanda ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi, hasa kusi inapovuma na kila kitu ndani ya nyumba kinanata.

Nunua waya wa boti, ule ambao kila uzi wake umepakwa bati. Ukiukata unaonekana mweupe kama fedha. Wanaofunga mashine za boti Malindi na Watamu wanautumia, hata kama duka la vipuri vya magari halina. Unadumu kuliko wowote huku kwetu.

dart_ya_pwani

Shukran sana. Nimepima leo asubuhi.

Injini imezimwa, taa na feni: betri hadi mwekundu wa amita 0.8. Ndani ya hizo, plagi peke yake 0.5.
Injini 1500: altaneta hadi mweusi 0.7. Plagi peke yake 0.4.
Kati ya skrubu mbili za amita, injini imezimwa: 0.2.

Nimechomoa plagi. Tundu la mwekundu plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia na ulimi umelegea, unacheza ukiugusa. Mweusi una unga wa kijani. Athi ya dashibodi ya geji ilikuwa na kutu. Nimeisafisha, nikaongeza waya, na geji zote mbili zimetulia.

Sasa je, nibadilishe ndimi za plagi au niiruke? Na amita niiache?

fundi_waya_shella

Umefanya vizuri. Taa na feni zinavuta kama ampea 20. Volti 0.5 mara ampea 20 ni wati 10, zote ndani ya ulimi mmoja, kwenye plastiki iliyofungwa isiyopata hewa. Harufu ndiyo hiyo.

Iruke, kwa waya hizo mbili tu. Zingine kwenye plagi hubeba kidogo: zisafishe kwa brashi ndogo na dawa ya kusafishia viungo vya umeme, paka grisi ya silikoni kiasi cha ukungu, rudisha.

Mwekundu na mweusi: bonyeza kijiulimi cha kushikia kwa bisibisi nyembamba, vuta ndimi zitoke kwa nyuma ya plagi. Panua matundu yake mawili kwa keekee, pitisha waya mpya za milimita mraba 6 moja kwa moja bila kiungo ukutani. Upande wa dereva zifikie waya za zamani mahali shaba ilipo safi, ubane kwa mrija wa shaba na koleo la kubania lenye meno, si plaizi ya kawaida, kisha uvike mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Ziba matundu kwa silikoni maji ya mvua yasipite.

Waya-fyuzi wa asili ni geji 16 kwa sababu waya mkuu ni geji 12 (hapa geji ni kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya, namba ikipanda waya ni mwembamba). Ukipandisha waya mkuu kuwa milimita mraba 6, waya-fyuzi uwe geji 14, yaani milimita mraba 2 hivi, urefu sentimita 15 hadi 20. Uwe waya-fyuzi halisi, ambao ganda lake haliwaki. Waya wa kawaida ukiyeyuka unawasha na majirani zake.

Amita yako inapoteza 0.2, maana yake skrubu zimelegea au sahani ya ndani imechoka. Mimi ningeiondoa kwenye kazi: weka waya wake wote wawili kwenye boliti moja ya milimita 6 yenye nati ya kujifunga, ivike mpira, ifunge kwa kitambaa mbali na chuma. Sindano itabaki katikati daima. Voltimita ndogo chini ya dashibodi itakwambia mengi zaidi.

saba_sufuri_tano

Hapo kwa amita sikubaliani nawe fundi. Skrubu zikisafishwa na nati zikakazwa vizuri, amita inafanya kazi, na mwenye gari la asili anataka sindano iende. Hatari ni mzigo mkubwa, basi mzigo upunguzwe. Afunge relei mbili za taa (swichi zinazoamriwa na umeme mdogo kupitisha mkubwa), ampea 30, karibu na taa mbele. Taa za chini na za juu kila moja na relei yake, kwa namba za pini zake: 85 kwenye bodi, 86 kwenye waya wa zamani uliokuwa unaingia taa, 87 kwenye taa, 30 kwenye umeme mpya wa milimita mraba 4 kupitia fyuzi ya ampea 20.

Umeme huo wa relei achukue kwenye boliti ya altaneta, asiuchukue kwenye betri. Akiuchukua betri, injini ikinguruma mzigo wa taa utapita kwenye amita kama vile betri inachajiwa, na amita itachoka zaidi ya mwanzo.

fundi_waya_shella

Relei nakubali, mia kwa mia, na hilo la boliti ya altaneta ni sahihi kabisa. Amita basi tumwachie mwenye gari: akiikaza, apime tena kati ya skrubu. Ikishuka chini ya 0.05 aiache. Ikibaki juu ya 0.1 ni ya kuondoa.

dart_ya_pwani

Nimeelewa. Ninunue kiasi gani?

mkia_wa_jahazi

Waya wa boti uliopakwa bati, milimita mraba 6: mita 3 mwekundu na mita 3 mweusi. Milimita mraba 4 kwa relei: mita 4. Milimita mraba 1.5: mita 5. Vichwa vya duara vya tundu la 6, kumi. Mrija wa shaba wa kubania, minne. Mpira wa kusinyaa wenye gundi, mita 1. Tepu ya kufunga fungu la waya iwe ya kitambaa. Ile nyeusi ya plastiki gundi yake inayeyuka kwa joto la banda lako, kufika Ramadhani mikono yote inanata.

Waya-fyuzi chukua vipande viwili, kimoja kikae kwenye buti.

fundi_waya_shella

Ukimaliza, kabla ya kurudisha hasi ya betri, weka mita kwenye ampea 10, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi uliouchomoa. Ufunguo umezimwa, milango imefungwa, saa ya gari imechomolewa. Isome karibu na sufuri. Ikisoma hata nusu ampea, usiunganishe, kuna waya umebanwa nyuma ya dashibodi. Ikiwa sufuri, unganisha, washa taa na feni dakika kumi, kisha shika ile plagi kwa kiganja. Inatakiwa iwe baridi kama ukuta wenyewe.